Kurasa zilizobaki kwenye daftari la rambirambi

Kwenye misiba ya ukoo wetu mwandishi ni mimi. Hakuna kikao kilichonichagua, ni vile tu nina steshenari hapa Kabwe, Mbeya, na watu wakishaona una printa wanaamini na mwandiko wako lazima uwe mzuri, basi mtu akifariki, turubai hata halijakaa vizuri, nshapigiwa simu kaka njoo na kaunta buku na peni mbili. Nakaa kwenye kimeza karibu na mlango naandika. Fulani elfu tano. Fulani elfu mbili. Mama fulani mkungu wa ndizi na debe la mahindi. Kina mama wa jumuiya laki moja na ishirini. Nimeandika misiba mingi mpaka nikawa najisifia kimoyomoyo kwamba hesabu zangu hazijawahi kupishana hata mia mbili.

Julai 2022 akafariki mdogo wangu, na kaunta buku nikaletewa mimi. Sidhani kama kuna mtu alikaa akafikiria. Hata mimi sikufikiria, nilivuta kiti nikaandika juu kabisa jina lake na tarehe, nikapiga mstari kwa rula, wa kwanza akawa mjomba, elfu hamsini. Siku tatu. Baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua wenyewe, asubuhi vidole vinakufa ganzi mpaka peni inadondoka. Watu wanapita wananiangalia wanasema huyu kweli mwanaume, kajikaza. Sikulia hata mara moja. Hesabu ikatoka sawasawa, nikaisoma mbele ya wazee, tukaanua matanga, Jumatatu nikafungua duka.

Wiki kama ya tatu hivi usingizi ukagoma kabisa. Nikawa naamka saa nane usiku nakaa kwenye ile stoo ya nyuma ya duka (tunaishi hapohapo, duka mbele, sisi nyuma) nahesabu rimu za karatasi ambazo nshazihesabu jana. Usiku mmoja nikakutana na lile daftari. Lilikuwa na kurasa nyingi zimebaki nyeupe, si unajua kaunta buku la kwaya mbili haliishi kwa msiba mmoja. Nikafungua pale orodha ilipoishia, nikaandika jina langu kwa sababu mimi kama ndugu sikujiandika popote, na mbele ya jina nikaandika: laki nne. Alafu chini yake: haikutolewa.

Nikakaa nayaangalia hayo maneno matatu mpaka muadhini akaanza. Sikuandika kingine. Ila asubuhi ile nililala, saa moja na nusu nikiwa nimeegemea maboksi, na ulikuwa usingizi wa kweli.

Hiyo laki nne ntaisema, tulieni kwanza.

Mdogo wangu alikuwa na Fuso, lake mwenyewe, la mkono wa pili, anapakia viazi Isongole anapeleka Dar. Akiwa anashuka Kitonga breki zikamgomea. Mliopita Kitonga sina haja ya kuwaelezea, na ambao hamjapita basi ni ule mlima mbele ya Iringa ukielekea Morogoro, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na upande wa pili hamna kitu. Tulienda kumchukua usiku huohuo, Makambako, Mafinga, ile misitu ya Sao Hill ukungu umeshuka mpaka barabarani, kwenye gari watu sita na hakuna aliyeongea zaidi ya dereva kuuliza kama tusimame chai.

Baada ya pale mwili wangu ukaanza vituko. Tumbo linawaka, moyo unaenda mbio bila sababu, nikawa mkali kwa wateja, mtu anasema tu kaka hii kopi imefifia kidogo mimi nshakunja uso kama amenitukana mama. Nikaenda hospitali wakapima, vidonda vya tumbo hamna, presha iko sawa. Daktari akaniangalia akauliza, una mawazo? Nikasema sina. Akaandika kitu, nikaondoka na vidonge. Sijui kwanini nilisema sina. Yaani ukiulizwa una mawazo na umevaa shati limepigwa pasi unajikuta umesema tu sina, na huku kwetu ukisema unazo mtu anakutania atakupeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, wote mnacheka, mada imeisha.

Mke wangu yeye akawa na maelezo yake. Mwanaume anaamka usiku wa manane, anajifungia stoo, anaficha kitu mtu akiingia. Alinivizia siku tatu. Siku ya nne akaingia ghafla akijua anakuta simu na meseji za mchepuko, akakuta mume wake ameshika peni na daftari la rambirambi. Nafikiri ilimtisha zaidi kuliko mchepuko, aisee.

Sasa kwenye kutokulala huko, bando la usiku lipo, nikawa nasoma. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa James Pennebaker, yeye na mwenzake walitoa utafiti mwaka 1986. Walichukua wanafunzi wa chuo, wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika vitu vya kawaida tu, wengine waandike jambo lililowaumiza sana maishani, na hao nao waligawanywa, kuna walioandika matukio tu, kuna walioandika hisia tu, na kuna walioandika vyote viwili, kilichotokea na walivyojisikia. Ile miezi iliyofuata hawa wa vyote viwili wakawa wanaenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Ila kitu kilichonifanya nimuamini ni hiki: hakuficha kwamba siku zilezile za kuandika walitoka wakijisikia vibaya zaidi. Nilipenda hapo. Hawa wanaotuambiaga andika moyo uwe mwepesi hawasemagi kwamba kwanza utakuwa mzito.

Na nisiwadanganye, watu wamerudia huo utafiti mara nyingi sana, 2006 kuna mtu alikusanya tafiti 146 za namna hiyo akazijumlisha, jibu likawa kwamba inasaidia, ila kwa wastani msaada wenyewe ni mdogo. Mdogo. Mimi nikasema sawa, mdogo si haba, karatasi ninazo.

Karatasi kweli ninazo. Ukiwa na steshenari kitu ambacho hukosi ni karatasi zilizoharibika, printa imevuta mbili, mteja kakosea tarehe, tona imemwagika, zote huwa naweka kwenye boksi upande wa pili ukiwa mweupe. Nikaliacha daftari la rambirambi lipumzike nikaanza kuandika nyuma ya hizo. Kwahiyo msiba wangu mimi umeandikwa nyuma ya barua za maombi ya kazi za watu, nyuma ya mitihani ya darasa la nne, nyuma ya nusu ya cheti cha kuzaliwa. Ilinisaidia aisee. Daftari zuri jipya lingenifanya niandike vizuri, ningeanza kutafuta maneno, na mimi sikutaka maneno. Ukiandika kwenye karatasi ambayo ilikuwa inaenda kuwashia jiko hata haya huoni.

Siku ya kwanza niliandika kama polisi. Saa ngapi simu iliita, nani alipiga, gari tulikodi kwa nani, mafuta ya shilingi ngapi. Dakika 15 ziliisha sijasema lolote.

Siku ya pili nikamtukana. Sikutegemea kabisa. Nilianza na wewe, nikawa namuandikia yeye mwenyewe, kwamba wewe ulikuwa mbishi toka mdogo, uliambiwa mlima ule unashukwa na gia, uliambiwa usiku usitembee, na sasa mama anakaa kibarazani kila siku jioni anaangalia njia kama vile utakuja na mfuko wa mkate. Katikati hapo Kiswahili kiliniishia nikaandika Kinyakyusa, maneno ya nyumbani tuliyokuwa tunagombania nayo ugali. Nilitetemeka mkono mpaka nikaacha kabla muda haujaisha. Baadae nikasoma kwamba Pennebaker mwenyewe anasema ukiona unazidiwa acha, andika kitu kingine au funga kabisa, hamna shujaa kwenye hili. Basi nikawa nimefuata sheria bila kuijua.

Siku ya tatu ndo laki nne.

Wiki moja kabla ya ajali alikuja dukani. Akaniambia kaka naomba laki nne nikatengeneze breki, fundi ameshaziangalia, hazipo sawa, ntakurudishia nikishusha mzigo. Mimi pesa nilikuwa nayo, iko kwenye droo, nimeitenga ninunulie fotokopi ya mkono wa pili iliyokuwa inauzwa. Nikamwambia vumilia mwisho wa mwezi. Akacheka akasema sawa malafyale, yaani chifu, ndo utani wetu huo, akachukua peni moja kwenye kopo kama alivyozoea, akaondoka. Fotokopi nilinunua. Ndo hii ninayotolea kopi mpaka leo.

Niliandika hivyohivyo, karatasi nzima na ya pili nusu. Nilivyomaliza nilitapika, sio mafumbo, nilitoka nje nikatapika kwenye mfereji.

Siku ya nne nilikaa dakika 15 nikaandika vitu vya hovyo, mvua, bei ya rimu, mtoto ana kikohozi. Nikaona kama nimefeli. Ila miezi baadae nikasoma tena Pennebaker na wenzake walivyochambua maandishi yenyewe, wakaona wale waliopata nafuu zaidi ni wale ambao kadiri siku zinavyoenda wanaongeza maneno kama kwa sababu, nimegundua, sasa naelewa, yaani mtu anaanza na mavurugu alafu polepole inakuwa hadithi yenye mwanzo na sababu. Nikaenda kuchungulia boksi langu. Siku ya kwanza na ya pili hamna kwa sababu hata moja. Siku ya tatu nimehesabu, ziko tisa. Sijui kama ndo nafuu ilianzia hapo, mimi si mtaalamu, ila ilinishangaza kwamba kilichokuwa kinanila sio kifo peke yake. Kifo ningelia kama watu wengine. Mimi nilikuwa na kifo na risiti.

Haya, sasa njooni kwenye aibu.

Boksi la karatasi za upande mmoja liko karibu na mashine kwa sababu huwa natumia kujaribu kopi kabla ya kutoa safi. Siku hiyo foleni ndefu, umeme umetoka kurudi, nikashika karatasi nikajaza trei bila kuangalia. Kuna mwalimu mstaafu, mama mmoja wa Kihehe kwao Kilolo ila amefundisha huku Mbeya maisha yake yote, alikuja kutoa kopi za fomu zake. Nikatoa, akalipa, akaweka kwenye kipima joto, akaenda. Kipima joto ni ule mkoba wake, ndo tunavyouita pale dukani, ukiwa umejaa ujue amekuja na maneno, ukiwa mtupu anapita tu.

Siku mbili baadae akarudi. Mkoba mtupu.

"Kamwene," akanisalimia kama kawaida yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karatasi moja ina mambo yako nyuma."

Akanipa imekunjwa mara nne. Nilijua kabla sijaifungua. Nyuma ya fomu yake ya ustaafu, mwandiko wangu, siku ya tatu. Jamani nilitamani sakafu ipasuke. Akaniambia kwa upole, nilisoma mstari wa kwanza nikadhani ni maelezo ya kujaza fomu, nikaendelea mpaka katikati, nikaona hapana hii siyo yangu, nikaikunja, unisamehe. Mimi namwambia hamna shida mwalimu, huku sauti haitoki.

Hakuniambia usijilaumu. Nawashukuru sana watu ambao hawaniambiagi usijilaumu. Alivuta kile kiti cha wateja akakaa, akaanza kunisimulia kuhusu milulu. Milulu ni yale majani ya kusukia vikapu vya kwao Iringa, vile vyepesi mnavyoviona vinauzwa barabarani. Mume wake alivyofariki alikaa miezi minne hataki kuongea na mtu, hata kanisani alikuwa anakaa karibu na mlango awahi kutoka. Akakumbuka mama yake alivyomfundisha kusuka akiwa binti, akatumiwa milulu kutoka Kilolo, akasuka. Alisuka vikapu kumi na moja. Kimoja kilikuwa kibaya, kimeenda upande, hakukifumua. Hakuuza hata kimoja, mpaka leo wajukuu wanawekea mahindi.

"Na ilisaidia mwalimu?"

Akafikiria. "Sijui mwanangu. Vikapu vilipatikana."

Nilicheka, na ni kicheko cha kwanza nakumbuka tangu Julai. Akanyanyuka akaenda zake, kopi ya fomu ile nikamtolea upya bure.

Nimefikiria sana hilo jibu lake kwa sababu huku mitandaoni tunafundishana kujitibu kwa kelele kidogo. Kuna kipindi nilijaribu ile ya kuandika kila siku vitu vitatu unavyoshukuru. Siku ya kwanza niliandika afya, familia, umeme umerudi. Siku ya pili afya, familia, umeme haujakatika. Siku ya tatu umeme ulikatika nikaacha. Inawezekana inawafaa wengine, simkatazi mtu, ila mimi wakati ule nilikuwa na hasira, na hasira ukiilazimisha ishukuru inakaa kimya inakusubiri. Na kingine, msiandike kwenye status. Ukiandika status unaandikia watu, unajikuta unapanga maneno wakuonee huruma vizuri, alafu unakaa unahesabu nani kaangalia. Mnaweza kuniuliza na hii ninayoandika sasa ni nini, haya, ni swali zuri, ila mimi nimekuja hapa baada ya karatasi mia na kitu ambazo hakuna aliyesoma zaidi ya mwalimu na nusu ukurasa wake.

Wala sio kitu kigeni, tusije tukaona ni mambo ya wazungu na saikolojia zao. Tuliosoma mashairi shuleni tunamkumbuka Shaaban Robert alivyomuandikia mke wake Amina alipofariki. Sisi tulikuwa tunatafuta vina na mizani kwa ajili ya mtihani, mwalimu anauliza ujumbe wa mwandishi ni upi. Mwandishi alikuwa amefiwa, ndo ujumbe.

Sasa mtoto.

Mdogo wangu ameacha kijana, wakati ule ana miaka sita. Mama yake, shemeji yangu, anauza nyanya Mwanjelwa, kwahiyo akitoka shule anakuja dukani kwangu mpaka jioni. Huyu mtoto baada ya msiba hakumtaja baba yake. Hata kwa bahati mbaya. Mtu akisema baba, anaondoka anaenda kukaa chini ya meza ya leminesheni. Na huko chini ya meza alikuwa na boksi lake la karatasi mbovu na penseli za rangi zilizovunjika ambazo siwezi kuziuza, anachora. Anachora Fuso. Kila siku Fuso. Fuso lenye magurudumu manne, sita, Fuso limepinda, na chini yake mstari unaopinda pinda kama nyoka, nikajua hiyo ni Kitonga, baba yake alikuwa anapenda kumuhadithia zile kona kwa mikono. Kitu kimoja tu, kwenye ile kichwa ya gari hamna mtu. Dirisha tupu.

Mimi nikaharibu mwanzoni. Nikawa namuuliza hii nini, dereva yuko wapi, mbona hujaweka dereva. Akafunika karatasi na mkono, siku mbili hakuchora. Nikamwambia mwalimu (siku hizo ameshakuwa mtu wa kuja bila kopi), akanigombeza kabisa. Mtoto usimuulize umechora nini, hujui kuona? Kaa karibu nae, chora na wewe, akitaka kusema atasema, na wewe ukitaka kujua mwambie nisimulie, basi, usimtafsirie.

Nichore na mimi! Mimi nikichora ng'ombe watu wanauliza hiyo meza ni ya mbao gani. Lakini nikakaa chini ya meza, mgongo unauma, nikachora. Nilichora duka. Nilichora mlima Loleza unavyoonekana toka mlangoni, ukawa kama kichuguu. Na nikiri, kuna kitu kinatokea. Kwenye kuandika mimi huwa nakimbia mbele, natafuta sababu, najihukumu. Kwenye kuchora mkono unaenda taratibu na kichwa kinalazimika kuusubiri, nusu saa inapita hujafikiria laki nne hata mara moja. 2016 huko Marekani kuna watafiti walichukua watu wazima 39, wakawapa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi, karatasi za kukata na kubandika, dakika 45 fanya unachotaka, wakapima mate yao kabla na baada, wakiangalia kotisoli, ile homoni ya mwili ukiwa na msongo. Kwa watu kama asilimia 75 ilishuka. Na kujua kuchora au kutokujua hakukuleta tofauti. Kwa hiyo na sisi wa ng'ombe meza tumo.

Hata hilo jina la tiba kwa sanaa lilianzia kwa mgonjwa, sio kwa daktari. Ni mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill, alilazwa sanatoria na kifua kikuu, akawa anachora kitandani, akaona inamsaidia, akaanza kuwashawishi na wagonjwa wenzake, 1942 ndo akalipa hilo jina. Na Tingatinga wetu mzee Edward Saidi, mtu wa Tunduru huko Ruvuma, hakusubiri shule ya sanaa wala rangi za msanii, 1968 pale Dar alichukua mbao za silingi bodi na rangi za kupakia baiskeli. Simaanishi alikuwa anajitibu, sijui alikuwa na nini moyoni, nasema tu kisingizio cha vifaa mimi nimeshajinyang'anya.

Nisije nikamdanganya mtu hapa. Kuna wakati peni haitoshi. Kama huli, hulali wiki na wiki, unasikia sauti, au umefika mahali unawaza bora usiwepo, usikae na karatasi, mwambie mtu mmoja akushike mkono mwende hospitali, hizi za rufaa zina watu wa afya ya akili na sio lazima upelekwe Mirembe kama utani unavyosema. Mimi nilirudi kwa yule daktari mwezi wa kumi na moja. Akauliza tena una mawazo. Nikasema ninayo, na nimeyaleta, nikatoa karatasi mfukoni. Akasoma zote mbili, mgonjwa wa nyuma yangu akawa anagonga mlango. Akanielekeza kwa mshauri, nimeenda mara tano. Ni yule mshauri ndo aliyeniuliza swali ambalo karatasi haiwezi kukuuliza: hii barua mwenyewe ni nani, yaani nani anatakiwa kuisikia?

Mdogo wangu hayupo. Mama, sikuweza. Mpaka leo sijamwambia, na akija mtu kumsomea hapa basi ndo Mungu amepanga hivyo. Nikaenda kwa shemeji.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, ametoka sokoni, anachambua nyanya zilizobonyea anaweka pembeni za kupika. Sikuweza kuongea, nikamsomea. Nilisimama kama mwanafunzi nikasoma ile karatasi yenye fomu ya mwalimu nyuma, breki, droo, fotokopi, vumilia mwisho wa mwezi. Nilivyomaliza akaendelea kuchambua nyanya, muda mrefu, nikajua huyu sasa hatanisemesha tena na ana haki.

Akasema, "Shemeji, hata mimi aliniomba."

Alikuwa na laki mbili za vikoba. Zilikuwa kwenye kopo la unga. Alimwambia sina, kwa sababu siku ya kurudisha ilikuwa Ijumaa na aliogopa aibu mbele ya wenzie. Miezi tisa alikuwa analala na hilo kopo chumbani. Tulilia wote pale, kwa sauti, majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine, ikabidi tuseme ni vitunguu, na hapo hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Nilimpa rimu moja na peni. Hakuandika, anasema kuandika anachoka. Yeye ameanza kufuma vitambaa vya makochi, vya kijani na njano, vibaya kidogo rangi zake, shemeji nisamehe. Ameshanipa vitatu na makochi sina, nimefunika fotokopi.

Na kijana bado anakuja. Yuko darasa la tatu sasa, miguu haienei tena chini ya meza ya leminesheni, anachorea kaunta. Fuso lipo, Kitonga ipo. Wiki iliyopita nilikuwa natoa kopi za mtu nikamwona anaweka mzigo nyuma ya gari, magunia, anayachora makubwa, yamevimba juu yameshonewa kilemba kama lumbesa zenyewe, alafu akaanza kuyafuta moja moja na kile kifutio, anapunguza.

Nikajikaza nisiulize. Nikasema, "Nisimulie."

Hakunyanyua kichwa. "Baba alikuwa hapendi lumbesa," akasema. "Alikuwa anasema zinasukuma gari kwa nyuma."

Akaendelea kufuta. Nikamsogezea karatasi nyingine, mteja akaniambia kaka kopi zangu.